Ameokoka, Hanywi Tena

Jumapili ile Jacktone alipoinua mikono kuimba, ilianza kutetemeka kabla wimbo haujafika kiitikio. Vidole vilitangulia, vikafuata viganja, kisha mikono yote hadi mabegani, na kanzu nyeupe aliyoazimwa ikawa inacheza mwilini mwake kama nguo iliyoanikwa penye upepo. Wanawake wa safu ya mbele walimwona, wakapiga vigelegele. Mpiga ngoma akaongeza kasi. Pasta Cephas, mwenye lile kanisa dogo la mabati hapo kisiwani Rusinga, alishuka kutoka madhabahuni akamwekea mkono kichwani.

"Roho amemshukia! Mnamwona au hammwoni?"

"Tunamwona!"

"Mlevi wa jana ndiye huyu?"

"Ndiye!"

Phelesia, mama yake Jacktone, alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya udongo, akalia kwa sauti bila kujifunika uso. Miaka mingi huyu mwanawe wa pekee alikuwa akiletwa nyumbani kwenye wilbaro, huku watoto wa majirani wakikimbia nyuma wakiimba. Leo watu wale wale walikuwa wanamwimbia wimbo mwingine.

Upande wa wanawake, karibu na mlango, Lynnet alisimama na mtoto mgongoni. Alikuwa mke wa Jacktone, na kwa sababu alikuwa ameolewa kutoka Rongo, hapo kisiwani kila mtu alimwita Nyar Rongo, binti wa Rongo. Alifungua mdomo apige kigelegele na yeye, sauti ikakataa. Mtetemo ule aliujua. Hakuujua kanisani, aliujua nyumbani.

Kila asubuhi Jacktone aliketi ukingoni mwa kitanda na mikono ikitetemeka hivyo hivyo, asiweze hata kufunga vifungo vya shati. Kisha alikunywa glasi ya kwanza ya chang'aa, ile ambayo wanaume wa bichi, pale ufukweni, huiita kutoa loki, yaani kuufungua mwili, na baada ya muda mfupi vidole vilitulia kama vya mtu mwingine. Hapo alichukua randa na nyundo akaenda kuunda mashua, na hakuna aliyewahi kusema mbao za Jacktone hazikukutana. Asubuhi nyingine mikono ilikataa hata kuishika glasi yenyewe, na ni Lynnet aliyemshikia hadi mdomoni, akimpangusa kidevu kwa ncha ya leso kama anavyompangusa mtoto wao Beverly akila uji. Jambo hilo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Hata katika maombi alilizunguka.

Na jana, Jumamosi, kwenye mkutano wa injili uwanjani, Jacktone alikuwa amemwaga chupa mbele ya watu, akavunjavunja sigara zake, akasema amemaliza.

Ibada ilipokwisha, akina mama walimzunguka Lynnet nje.

"Nyar Rongo, sasa utanenepa! Mwanamume atakuwa analala nyumbani."

"Bwana asifiwe," Lynnet alisema.

"Sema kwa nguvu! Au ulizoea kulala peke yako?"

Wakacheka, na yeye akacheka. Kumbe mtu anaweza kupewa kitu alichokililia miaka yote, mbele ya mashahidi, na bado akabaki amesimama katikati ya watu kama mgeni asiyejua lugha yao.

Njiani kurudi nyumbani walipita kwa Filister, aliyekuwa anauza chang'aa nyuma ya nyumba yake. Filister aliegemea mlango, mikono kiunoni.

"Nyar Rongo, mmeniulia soko. Mteja wangu mkubwa mmemvalisha kanzu."

"Tafuta biashara nyingine, dada."

"Nitatafuta. Lakini mwambieni aache polepole. Huyo si wa kukata siku moja."

"Shetani akifungiwa mlango huongea kupitia dirishani," Phelesia alijibu bila kusimama, na Lynnet akamfuata. Angemsikilizaje mtu anayetetea mtungi wake?

*

Jioni Jacktone hakula. Alimega ugali, akaugeuza mkononi, akaurudisha. Jasho lilikuwa linamtiririka ingawa upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kupiga na Lynnet alikuwa amejifunga leso ya pili.

"Unaumwa?"

"Sijui. Moyo unakimbia. Kama mtu amenifukuza nikaingia ndani na bado ananifukuza."

"Ni ile ya asubuhi?"

Jacktone alicheka kidogo. "Hii si ya asubuhi. Hii imekuja na mizigo, inataka kuhamia."

Alikuwa na mzaha wake hata akiwa mlevi, na Lynnet alimpenda kwa hilo kabla ya mengine yote. Alimsogelea kwenye mkeka. Jacktone akasema kwa sauti ya chini, mama yake asisikie kutoka jikoni:

"Ningepata kidogo tu. Kifuniko kimoja cha chupa."

Lynnet alimwangalia.

"Hapana," Jacktone akajijibu mwenyewe haraka. "Usinipe. Hata nikilia usinipe. Niapie."

"Jacky..."

"Niapie kwa huyu mtoto. Leo mama yangu amenishika mkono barabarani, mchana, watu wakiona. Unajua ni lini alinishika mkono hivyo? Na usimwambie mtu kwamba nimeuliza."

Akamwapia.

*

Jumatatu asubuhi, Lynnet akianika omena, wale dagaa wa ziwani, uani, alisikia kishindo ndani ya nyumba. Alimkuta Jacktone chini kati ya kitanda na ukuta, macho yamegeuka, miguu inapiga sanduku la nguo, povu lenye damu likitoka pembeni mwa mdomo pale alipojing'ata ulimi. Alipiga kelele. Phelesia akaja mbio na unga mikononi. Hawakujua la kufanya ila kumshika kichwa hadi mwili ulipochoka wenyewe, ukalegea, akaanza kukoroma.

Majirani wakaja. Kabla ya jua kupanda sana Pasta Cephas naye alikuwa amefika kwa boda, Biblia ikiwa ndani ya koti.

"Adui hatoki kimya," alisema baada ya kumtazama mgonjwa. "Anatoka kwa kelele, anavunja vyombo. Tumpeleke chumba cha maombi. Afunge, na sisi tufunge naye. Asile, asinywe, mpaka huyu mgeni akose mahali pa kukaa."

"Pasta," Lynnet alisema, "si tumpeleke hospitali kwanza?"

Phelesia alimwangalia kama amemtukana mtu.

Lakini Cephas hakukasirika. Alikuwa mtu wa huruma. Wengi walimfuata kwa ajili hiyo. "Binti yangu, mimi mwenyewe nilikuwa mlevi kule Migori. Unaniona leo na tai, hukuniona nikilala kwenye mtaro wa soko. Nilipoacha nilitetemeka wiki nzima. Nilitapika mpaka nikaona nyongo yangu. Hakuna sindano niliyodungwa. Niliombewa, nikainuka." Akamwekea Lynnet mkono begani. "Hospitali sikatazi. Nasema tu, tumalize hii kazi kwanza."

Alikuwa anasema kweli. Hilo ndilo lililomfunga Lynnet mdomo. Huwezi kubishana na mtu aliyepita njia hiyo akatokea upande wa pili akiwa mzima.

Wakambeba Jacktone. Lynnet alibaki uani na mtoto na omena. Kuku walikuwa wameshaanza kuzila, na alichelewa kuwafukuza.

Siku hiyo hakuna aliyekuja kumjulia hali. Waliokuwa na huruma walienda kwenye maombi, na wasiokuwa nayo walikuwa na kazi zao. Alipika uji kidogo, akamlisha Beverly, akanywa kilichobaki akiwa amesimama. Nyumba ilikuwa kimya. Zamani alijua kuuchukia ukimya huu kwa sababu ulimaanisha Jacktone yuko kwa Filister. Sasa Jacktone hakuwa kwa Filister, na ukimya ulikuwa ule ule.

*

Jumanne Lynnet alienda chumba cha maombi bila kuitwa. Kilikuwa kibanda cha udongo nyuma ya kanisa, chenye dirisha dogo. Alikisikia kabla ya kukifikia: sauti za akina mama wakiimba zikiwa zimekauka, na juu yao sauti ya Jacktone, ikiongea bila kupumzika.

Walikuwa wamemfunga mikono na miguu kwa mishipi myekundu ya kanzu zao. "Tumemfunga asijiumize," mmoja alisema. Midomo ya Jacktone ilikuwa imepasuka. Ngozi ilikuwa inawaka. Lynnet alihisi joto kabla hata ya kumgusa. Macho yalikuwa wazi kabisa, na yalifuata kitu ukutani ambacho hakuna mwingine aliyekiona.

"Toa hizi omena," Jacktone alisema. "Mmezimwaga kitandani zikiwa hai. Zinapanda. Nyangau! Nyangau, leta karai!"

Nyangau alikuwa kijana aliyemsaidia kuunda mashua mwaka uliopita.

"Mimi si Nyangau. Ni mimi, Lynnet."

"Leta karai, wewe! Zinaingia masikioni!"

Lynnet alimshusha Beverly mgongoni, akamweka mbele yake. "Huyu ni nani? Jacky, mwangalie. Huyu ni nani?"

Jacktone alimwangalia mtoto wake kwa makini, kama mtu anavyoangalia ubao kujua kama una ufa, kisha akamwogopa. Akajivuta nyuma hadi kichwa kikagonga ukuta. Beverly akaanza kulia.

Lynnet alichovya ncha ya leso kwenye chupa ya maji ya mtoto, akaigusisha midomoni mwa mume wake. Jacktone aliinyonya kama ndama. Phelesia, aliyekuwa ameketi karibu na kichwa cha mwanawe, alimpiga mkono, leso ikaanguka.

"Unamvunjia mfungo!"

"Mama, anakauka."

"Anatakaswa. Wewe ulikuwa wapi sisi tukikesha?"

"Mama, hanijui. Hamjui mtoto wake. Hivi ndivyo watu wanavyookoka?"

"Ndivyo!" Phelesia alisema kwa ukali uliowashangaza hata wenzake. "Ndivyo kabisa! Hujui kitu. Hutaniambia mimi jinsi mtu anavyotetemeka akiingiwa na Roho!"

Lynnet alipiga magoti, akaanza kufungua mafundo. Hakuna aliyemsaidia, hakuna aliyemzuia. Nyimbo zilikatika moja moja.

"Ukimtoa hapa," Phelesia alisema, sasa polepole, "na akafa njiani, mimi sitakuwa na mwana, na wewe hutakuwa na nyumba. Unanisikia?"

"Nimesikia, Mama."

Alimaliza fundo la mwisho, akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kutafuta gari.

*

Abdi, Mwislamu mwenye duka la jumla Mbita, alikuwa analeta unga na sukari kisiwani kila Jumanne kwa pikapu yake. Lynnet alimkuta akipakua mizigo dukani kwa wakala wake.

"Abdi, nina mgonjwa. Ni fundi Jacktone. Nataka afike hospitali Homa Bay."

"Yule wa mashua? Si nasikia ameokoka?" Abdi alifuta unga kwenye mikono yake. "Leo asubuhi mteja wangu ameniambia habari yake zaidi ya bei ya sukari."

"Ameokoka. Na anakufa."

Abdi alimwangalia, akaona hatanii. "Atatapika ndani ya gari?"

"Atatapika. Hana kitu tumboni, lakini atatapika."

"Na mafuta?"

"Sina kitu sasa hivi. Nina omena nyumbani, zilizobakizwa na kuku."

"Basi kaeni nyuma kwenye magunia," Abdi alisema, akafunga mlango wa nyuma, akaufungua tena. "Omena za kuku baki nazo. Twende kabla sijabadilisha nia."

Pasta Cephas ndiye aliyeshika miguu ya Jacktone walipompakia. Alimlaza, akajipangusa mikono. "Nilisema sikatazi," aliwaambia watu waliokuwa wanaangalia, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza. Phelesia alikuja nyuma yao na kanzu yake ya kanisa bado mwilini, akapanda bila kusaidiwa, akaketi upande wa kichwa cha mwanawe.

"Mtoto wangu haendi peke yake," alisema. Hakumwambia Lynnet. Aliyaambia magunia.

Wakavuka daraja, wakaingia Mbita, wakashika barabara ya Homa Bay. Njia nzima Jacktone alikuwa anakung'uta kitu kisichokuwepo kifuani mwake, na wanawake wawili walimshika, kila mmoja mkono wake, bila kuangaliana.

*

Hospitali ilikuwa imejaa. Waliwekewa benchi kwenye ukumbi, Jacktone amelazwa juu yake, watu wengine wamesogea kumpisha na kumtazama. Muuguzi mmoja aliyeitwa Sista Nyatichi alikuja na kipimo cha joto, akaita daktari. Daktari Magige alikuwa kijana kutoka upande wa Kuria huko Migori, na Dholuo, lugha ya Waluo wa pale, hakuijua, aliongea Kiswahili.

"Mgonjwa ameanza lini?"

"Jana ameanguka kifafa," Lynnet alisema.

"Amewahi kuwa na kifafa?"

"Hapana."

"Ameumia kichwa? Ametapika? Anakunywa pombe?"

Phelesia, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, alilishika neno pombe kwa haraka. Akasimama. Alijinyoosha ndani ya kanzu yake nyeupe, na sauti yake ilijaa ukumbi mzima.

"Hapana! Huyu hapana kunywa. Yeye naokoka. Hata sigara hapana."

"Sawa, Mama," daktari alisema kwa upole, akamgeukia muuguzi. "Hanywi. Basi tupime malaria, na kama malaria hakuna itabidi tuangalie uti wa mgongo. Joto liko juu, amechanganyikiwa. Tafuta kitanda kikipatikana."

Akainuka aende kwa mgonjwa mwingine.

Lynnet aliona mgongo wa koti lake jeupe ukiondoka. Phelesia alikuwa amesema kweli: Jacktone hanywi. Tangu Jumamosi hajagusa tone. Kanisa zima lingeshuhudia. Na Lynnet alielewa, bila mtu kumfundisha, kwamba ukweli huo ukiachwa hivyo ulivyo, utamzika.

"Daktari," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akarudia. "Daktari! Anakunywa."

Phelesia alimgeukia. "Umemwambia nini?"

"Anakunywa," Lynnet akaendelea, kwa Kiswahili, akimwangalia daktari ili asimwangalie mama mkwe. "Alikuwa anakunywa. Miaka mingi. Chang'aa. Ameacha Jumamosi."

Daktari alikuwa ameshageuka. "Ghafla? Siku moja?"

"Siku moja."

"Alikuwa anakunywa kiasi gani? Jioni tu?"

Watu wa benchi zote walikuwa wamegeuka kumtazama. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgonjwa aliacha hata kumbembeleza. Lynnet alihisi masikio yake yanawaka.

"Anaanza asubuhi akiamka. Bila hiyo mikono inatetemeka, hawezi kuvaa. Wakati mwingine hawezi kushika glasi." Akaikunja ncha ya leso. "Mimi ndiye ninamshikia. Ninamnywesha."

Mtu mmoja alicheka kwa pua. "Mke anamnywesha mume chang'aa, halafu analeta hospitali!" Mwingine akasema, "Hawa ndio wanatumalizia wanaume." Abdi, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari, alitazama chini.

Lakini daktari hakucheka. Alikuwa ameshapiga magoti kando ya benchi, ameshika kiganja cha Jacktone, akimfungua jicho kwa kidole gumba. "Sista, hii si ya kungoja kitanda. Lete dripu. Lete sindano ya kumtuliza, na ya vitamini kabla hujaweka maji ya sukari. Malaria tutapima baadaye." Kisha, bila kumtazama Lynnet, akasema, "Umefanya vizuri kusema."

Phelesia hakuyaelewa maneno yote, lakini aliona watu wanavyomwangalia yeye na kanzu yake. Alikaa chini taratibu, akavuta kitambaa cha kichwa mbele mpaka kikafunika macho.

*

Asubuhi iliyofuata Jacktone alikuwa amelala usingizi wa kweli, mdomo wazi, dripu ikidondoka. Alipoamka kabla ya mchana alimtafuta mtu kwa macho, akampata.

"Lynnet."

"Niko."

"Bev ameota jino?"

"Bado."

"Mbona anauma leso hivyo," alisema kwa sauti iliyopasuka, akalala tena. Lynnet aliingia chooni, akalia huko mpaka mtu akagonga mlango.

Phelesia hakuwa amemsemesha tangu jana. Pasta Cephas alikuwa amempigia simu, naye akajibu kwa kifupi, "Yuko hai," akakata. Ndugu mmoja wa kanisa alileta chakula kutoka nyumbani. Phelesia alimgawia mwanawe mchuzi, akala kidogo, akafunika sufuria na kuiweka upande wake. Lynnet alinunua chai ya muuza chai wa getini, akainywa kwenye ngazi. Wagonjwa waliokuwa ukumbini jana walimpita wakinong'ona. Alikuwa amemrudisha mtu wake, na hakuna mahali katika jengo lote pale alipoweza kukaa akajiona yuko na watu wake.

Mchana Daktari Magige alipita. Alimsikiliza Jacktone kifua, akambonyeza upande wa ini, akatikisa kichwa kidogo.

"Ini limevimba, lakini bado ni lake. Atakaa hapa siku kadhaa. Tutampunguzia dawa kidogo kidogo."

"Daktari, kwa nini kuacha kumemwangusha? Si kuacha ndiko kuzuri?"

Magige alifikiri. "Umewahi kusukuma mlango, na mtu wa upande wa pili naye anasukuma? Pombe inausukuma mwili ulale. Mwili haukubali, nao unasukuma. Miaka na miaka, wote wanasukuma, mlango umesimama. Sasa yule wa upande wa pili ameondoka ghafla. Wewe unaenda wapi?"

"Ninaanguka ndani."

"Unaanguka na nguvu zako zote. Ndiyo kifafa hiyo, ndiyo moyo kukimbia, ndiyo kuona vitu. Si kila mlevi, wengine hutetemeka tu wakapona. Lakini huyu akiacha, na lazima aache, anaacha mbele yetu."

Lynnet alimgeukia Phelesia, akamweleza yote kwa Dholuo, mlango na mtu wa upande wa pili. Ilikuwa mara ya kwanza Phelesia kumsikiliza tangu kibanda cha maombi. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa kitanda. Daktari alikuwa anageuka aondoke.

"Mwambie angoje," Phelesia alisema.

"Daktari, samahani, Mama anauliza kitu."

Phelesia aliinama juu ya kitanda. Aliangalia kama mwanawe amelala. Alikuwa amelala.

"Mwambie baba yake Jacktone pia alikuwa mnywaji. Mwambie aliokoka, akaacha siku moja, Jacktone akiwa bado mdogo wa kunyonya. Alitetemeka kanisani, tukaimba. Tukamfungisha. Akaona nyoka, tukasema anaona adui akikimbia. Kisha akakakamaa mikononi mwangu, akaisha." Alinyoosha kitambaa cha kichwa ambacho hakikuwa kimepinda. "Nilimzika na kanzu nyeupe. Kila mwaka ninatoa ushuhuda, kwamba aliondoka akiwa amejaa Roho. Muulize."

"Nimuulize nini, Mama?"

"Unajua cha kumuuliza."

Lynnet alimtafsiria daktari. Alitafsiri vibaya, maneno yakigongana, kwa sababu ushuhuda ule alikuwa ameusikia kanisani mara nyingi, lakini kutetemeka na nyoka hakuwahi kuvisikia.

Magige aliandika kitu kwenye faili la mgonjwa huku akisikiliza. Alikuwa na wodi nzima ikimngoja. "Pole. Ndiyo, ni hiyo hiyo, inaonekana. Watu wengi hufa hivyo na familia haijui. Na ubaya ni kwamba dawa hii si mpya, hata wakati huo ilikuwepo. Angeletwa mapema, na akapewa maji tu na dawa hii, pengine angeishi." Akafunga faili, akaenda kitanda cha pili.

Phelesia alisubiri. Hakumwangalia daktari alipokuwa anaongea. Alikuwa amemwangalia Lynnet usoni muda wote.

"Amesema nini?"

Jana Lynnet alikuwa amesema kweli mbele ya watu wote, na kweli hiyo ilikuwa imemwokoa mtu. Leo alikuwa na nyingine mdomoni, ambayo haingemwokoa yeyote. Chini ya dirisha wafagiaji walikuwa wanachekeana kwa sauti. Beverly aligeuza kichwa mgongoni mwake, akalaza shavu la upande wa pili.

"Anasema hawezi kujua, Mama. Ni zamani sana. Anasema pole."

Phelesia alitingisha kichwa, polepole, mara nyingi. Macho yake yalimfuata daktari hadi mwisho wa wodi.

"Amesema mengi kuliko hayo," alisema.

Lynnet alikaza leso ya mtoto kifuani.

Phelesia aliketi kwenye benchi la kando ya kitanda, viganja juu ya magoti, kanzu imechafuka unga wa magunia ya Abdi. Kisha akasogea, akaacha nafasi, na kunyoosha mikono yote miwili.

"Nipe mtoto. Umembeba tangu jana."

Lynnet alifungua leso. Phelesia alimpokea mjukuu wake, akamkumbatia, akaficha uso wake wote kwenye shingo ya mtoto, na mabega yake yakaanza kutikisika bila sauti. Lynnet aliketi kando yake, karibu, asijue kama amguse. Gauni lake lilikuwa limelowa jasho pale Beverly alipokuwa, na upepo wa dirishani ulipoingia, mgongo wote ulishika baridi.